Maziwa Hayazuii Sumaku: Fundi wa Laini Apimwe, Asitulizwe

Najua wengi mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Naomba mniwie radhi, somo hilo litakuja wiki ijayo. Leo nina jambo linalonikera, na nisipolisema litanikaa kooni.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka kukagua mashamba ya alizeti. Njia yangu inapita chini ya laini kubwa ya umeme, ile yenye minara ya chuma. Nikakuta vijana wa kijijini wamepumzika chini ya mwembe, mapanga yao pembeni. Mkandarasi alikuwa amewachukua vibarua wa kufyeka mkuza, yaani ile njia inayoachwa wazi chini ya laini. Pamoja nao walikuwepo mafundi wawili wa laini, wale wanaopanda juu. Kila mmoja alikuwa na pakiti ya maziwa mkononi.

"Shikamoo bwana shamba, karibu maziwa," kijana mmoja akaniambia.

Nikaitikia, nikauliza leo kuna sherehe gani. Akasema, "Hamna sherehe. Fomani anasema tunywe kila siku. Yanasafisha mionzi ya waya."

Nikamgeukia fundi mmoja, mtu mzima aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa kiasi cha sumaku anachokipata akiwa kazini. Akacheka. "Mkuu, mimi huwa napimwa presha na macho. Hiyo ya sumaku ndiyo naisikia kwako." Je, kuna namba yoyote aliyowahi kuambiwa? "Tunaambiwa hakuna shida."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mtu yule yule anaambiwa mambo mawili kwa mdomo mmoja: hakuna shida, na kunywa maziwa. Kama hakuna shida, maziwa ya nini? Na kama shida ipo, maziwa yatafanya nini?

Msimamo wangu ni huu, nauweka wazi mapema. Maziwa yale si kinga. Ni njia rahisi ya kukwepa kupima. Fundi wa laini anadaiwa vitu vitatu na mwajiri wake: apimwe, aambiwe namba, na kazi ipangwe kulingana na namba hiyo. Kumtuliza mtu si kumlinda.

Bwana shamba na nyaya wapi na wapi?

Najua kuna atakayesema nirudi kwenye mbolea. Ningerudi, ila maziwa haya nayafahamu. Nimeyakuta kwenye mashamba ya nyanya, kwenye pamba na kwenye korosho. Kibarua anabeba bomba la lita 16 mgongoni bila glavu wala barakoa, jioni anapewa nusu lita ya maziwa "yaondoe sumu". Nimelisema hili mara nyingi na leo narudia: maziwa hayaondoi sumu ya wadudu mwilini. Kwa baadhi ya sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta, yanaweza hata kuharakisha kuingia kwake. Kinachomlinda mpuliziaji ni kipimo sahihi, vazi sahihi, kutopuliza kuelekea upepo unakotoka, na kuoga kwa sabuni.

Sasa ugonjwa ule ule wa kazi umehamia kwenye nyaya. Kitu kisichoonekana, mwajiri asiyetaka kupima, na pakiti ya maziwa katikati. Vijana wanaofyeka mkuza ni watoto wa wakulima ninaowahudumia. Kwa hiyo linanihusu.

Tuanze na kitu chenyewe

Umeme ukipita kwenye waya, kuzunguka waya ule hutokea uga wa sumaku. Hauonekani, hauna harufu, hauna joto. Si mionzi ya aina ya eksirei wala ya madini ya urani. Hauwezi kuvunja chembe za mwili moja kwa moja kama ile inavyofanya. Anayewaambia vijana kwamba waya wa umeme "unatoa nyuklia" anawadanganya.

Mambo manne ya kushika:

1. Ukubwa wa uga wa sumaku unategemea ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita, na si kilovoti. Laini ya kilovoti 33 iliyobeba mzigo mkubwa jioni inaweza kuwa na uga mkubwa kuliko laini ya kilovoti 220 iliyobeba mzigo mdogo.

2. Unapungua kadiri unavyokaa mbali na waya.

3. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo uga huu hugeuka mara 100 kila sekunde. Hapo ndipo unapotofautiana na sumaku ya dunia inayovuta dira, ambayo imetulia.

4. Unapita kwenye kila kitu cha kawaida: ukuta, mti, glavu za mpira, helmeti, mwili wa mtu. Lile vazi maalumu lenye nyuzi za chuma wanalovaa mafundi wa laini zenye moto huzuia uga wa umeme, ambao ni kitu kingine. Uga wa sumaku halizuii. Kama vazi lile haliwezi, itakuwa maziwa?

Kipimo chake ni maikrotesla. Kwa waya mmoja ulionyooka, hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza: zidisha ampea kwa 0.2, kisha gawa kwa umbali wa mita. Tuchukue waya uliobeba ampea 400:

- Ukiwa mita 8 chini yake: maikrotesla 10.
- Ukiwa mita 1: maikrotesla 80.
- Ukiwa sentimita 10: maikrotesla 800.
- Ukiwa sentimita 5: maikrotesla 1,600.

Laini halisi ina nyaya tatu, na sumaku zake hupunguzana zikichanganyika, kwa hiyo aliyesimama chini hupata pungufu ya hesabu hiyo. Lakini aliye juu, aliyeukaribia waya mmoja kuliko mingine miwili, hapati nafuu hiyo kwa kiasi kile.

Tazama sasa tofauti ya watu wawili. Mama anayepalilia maharage chini ya laini yupo kwenye mstari wa kwanza au chini yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja takriban maikrotesla 20 kuwa kiwango cha juu moja kwa moja chini ya laini kubwa. Fundi anayefanya kazi bila umeme kuzimwa, mkono wake ukiwa karibu na waya, yupo kwenye mstari wa tatu au wa nne. Hawa si watu wa kupewa jibu moja.

Mipaka ipo, na inajulikana

Tume ya kimataifa inayoshughulika na kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, ilitoa mwongozo mwaka 1998 na kuupitia upya mwaka 2010. Kwa umeme wa mizunguko 50, mwongozo wa 2010 unataja maikrotesla 200 kwa watu wa kawaida na 1,000 kwa wafanyakazi. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2013, namba 35, linalomlazimisha mwajiri kutathmini uga huu mahali pa kazi, na linawataja kwa jina wafanyakazi wajawazito na wenye vifaa vilivyopandikizwa mwilini kuwa watu wa kuangaliwa kipekee.

Mipaka hiyo imewekwa kwa sababu uga mkubwa ukipita mwilini huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya mwili. Ukizidi sana, mtu huona vimuli-muli machoni bila mwanga wowote, na mishipa ya fahamu inaweza kusisimka. Kwa fundi aliye juu ya nguzo, kushtuka tu kunatosha kumwangusha.

Mafundi wengi kwa siku nyingi wako chini ya mipaka hii. Hilo nalikubali bila kusukumwa. Lakini hapo ndipo ninapowauliza waajiri: kama namba ni ndogo, mnaogopa nini kuipima? Anayejua mifuko yake imejaa haogopi mizani.

Je, inaleta saratani?

Hili ndilo swali la kijiweni, na ndilo linalojibiwa vibaya na pande zote mbili.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Wertheimer na Leeper, walichapisha utafiti wa watoto wa Denver, Marekani, uliohusisha nyumba zilizo karibu na nyaya na saratani. Tangu hapo kazi nyingi zimefanyika. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliweka uga wa sumaku wa umeme kwenye kundi la 2B, maana yake "huenda ukasababisha saratani kwa binadamu". Msingi wake ulikuwa saratani ya damu kwa watoto walioishi kwenye wastani wa zaidi ya maikrotesla 0.3 hadi 0.4. Ushahidi huo uliitwa finyu, na chanzo hakijathibitishwa.

Mkulima mwenzangu, nikupe mizani unayoifahamu. Kundi hilo la 2B limo pia dondoo la jani zima la mshubiri. Dawa ya magugu ya glaifosati, ambayo wengi wenu mnaichanganya kwa mkono, IARC iliiweka kundi la 2A mwaka 2015, daraja moja juu. Ukikimbia waya huku umeshika kopo la dawa bila glavu, umekosea hesabu.

Na wafanyakazi wenyewe? Walichunguzwa. Mwaka 1993 utafiti wa wafanyakazi wa umeme wa California haukuona uhusiano na saratani. Mwaka 1994, Thériault na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 223,292 wa mashirika matatu ya umeme, mawili ya Kanada na moja la Ufaransa. Waliona ongezeko la aina fulani ya saratani ya damu kwa waliopata sumaku nyingi, ila matokeo hayakufanana katika mashirika yote matatu. Mwaka 1995, Savitz na Loomis walichapisha wa wanaume 138,905 wa mashirika matano ya Marekani. Wao waliona uhusiano na saratani ya ubongo, lakini si ya damu.

Unaona picha? Mmoja anaona hiki, mwingine hakioni, anaona kile. Anayesema "imethibitishwa inaua" anadanganya. Anayesema "imethibitishwa haina lolote" naye anadanganya.

Lakini angalia jambo jingine ambalo ndilo linaloniuma. Utafiti ule uliwezekana kwa sababu kule Kanada, Ufaransa na Marekani wafanyakazi walivalishwa vifaa vya kupimia wakiwa kazini, na mwajiri alikuwa na kumbukumbu za nani alifanya kazi gani, wapi, kwa miaka mingapi. Hata jibu la "hakuna uhusiano" lilipatikana kwa kupima. Fundi wetu anapewa jibu hilo bila kupimwa, kama mwanafunzi anayepewa matokeo ya mtihani alioufanya mtoto wa jirani.

Dhara moja lisilo na mjadala

Wakati tunabishana juu ya saratani, uga huu wa sumaku una njia nyingine ya kuua, iliyothibitishwa, ambayo wauza hofu hawaijui na mafomani wengine hawaisemi.

Unajua transfoma inavyofanya kazi? Ndani yake kuna koili mbili ambazo hazijagusana. Umeme unapita kwenye ya kwanza, sumaku yake inayogeuka-geuka inaamsha umeme kwenye ya pili. Sasa chukua mnara wenye laini mbili, upande huu na upande ule. Laini moja imezimwa ili itengenezwe, nyingine inaendelea kubeba mzigo. Zikiwa zimekwenda sambamba kwa kilometa nyingi, laini yenye moto inaamsha umeme kwenye ile "iliyokufa". Fundi anaambiwa, "Tumezima, panda." Kweli wamezima. Lakini waya ule mrefu bado una umeme wa kutosha kumuua mtu anayejiunganisha mwenyewe kati ya waya na ardhi, au kati ya ncha mbili za waya aliokata.

Namna hii mafundi wamekufa sehemu mbalimbali za dunia, wakiwa kwenye laini ambayo kila mtu aliapa imezimwa. Kinga yake inajulikana: kupima kama waya una umeme kabla ya kuugusa, kuunganisha waya na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, na kutofungua wala kukata waya kabla ya kuziunganisha ncha zake kwanza. Seti za nyaya za ardhi zinanunuliwa. Kifaa cha kupimia umeme kinanunuliwa. Nilipomuuliza yule fundi chini ya mwembe seti ngapi za ardhi zipo kwenye gari lao, alinijibu kwa kunyoosha kidole kimoja. Maziwa yalikuwa katoni mbili.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo hesabu ninayoipinga. Fedha zipo, zimewekwa pasipostahili.

Kwa wale wanaouza hofu

Siwaachi na ninyi. Kuna wanaopita vijijini na kwenye vikundi vya simu wakiuza bangili za shaba, stika na vidonge vya "kuondoa mionzi". Kuna wanaosema waya unamaliza nguvu za kiume. Wanapenda kusema "lisemwalo lipo". Lisemwalo lipo mdomoni mwa aliyelisema, si lazima liwe kwenye waya.

Hofu hii ina gharama. Kijana anayeogopa kitu kisichoonekana hasahau tu kuogopa kinachoonekana, anaanza kudhani vyote ni bahati. Nimemwona mtu amevaa bangili ya shaba mkononi huku akikata tawi la mwarobaini lililolalia waya wa kilovoti 11 kwa panga lenye unyevu. Bangili ilimpa ujasiri. Shoti, moto wa umeme na kuanguka kutoka juu ndivyo vinavyomtoa fundi kazini kwa jeneza au kwa magongo. Hilo halijabadilika na makala hii haitaki lisahaulike.

"Tuna shida kubwa kuliko hizi"

Hili ndilo pingamizi zito zaidi na nalijibu kwa heshima. Mhandisi mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Bwana shamba, watu wanakosa mikanda ya usalama, wewe unataka mita ya sumaku?"

Jibu langu ni kwamba hivi havigombanii fedha moja. Angalia njia za kupunguza sumaku: zima laini inapowezekana, ongeza umbali kwa kutumia fimbo ndefu za kuhami, fupisha muda wa kukaa karibu na waya, panga kazi saa ambazo mzigo ni mdogo, badilishana zamu. Sasa angalia njia za kumkinga fundi na shoti: zima laini, ongeza umbali, fupisha muda, panga kazi mapema. Ni orodha moja! Mwajiri anayeshughulikia moja ameshughulikia na nyingine. Mita yenyewe ni kifaa cha kushika mkononi. Moja inaweza kuzungushwa kwenye timi nyingi, maana hupimi kila siku. Unapima kila aina ya kazi, unaandika, unaweka kwenye faili.

Halafu sheria haikusema "subirini mtajirike". Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri azitambue hatari za kazi yake na afuatilie afya ya mfanyakazi. Haikusema hatari zinazoonekana kwa macho peke yake. Mkandarasi mdogo hakusamehewa, na kibarua wa siku tano ni mfanyakazi kwa siku hizo tano.

Nini kifanyike

*Mwajiri na mkandarasi:*

1. Pima uga wa sumaku kwa kila aina ya kazi: kufyeka chini, kupanda mnara wenye laini mbili, kazi za laini yenye moto, na kazi ndani ya vituo vya kupoza umeme. Andika ampea zilizokuwa zinapita saa hiyo, la sivyo namba yako haina maana.
2. Mwambie fundi namba yake na mpaka wake, kwa Kiswahili, kwa maandishi.
3. Muulize kila anayeanza kazi kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kifaa kingine kilichopandikizwa. Uga wa sumaku unaweza kukivuruga. Asipande wala asiingie kituoni kabla ya daktari wake kusema neno.
4. Fundi mjamzito apangiwe kazi iliyo ndani ya mpaka wa watu wa kawaida.
5. Tunza kumbukumbu za kazi za kila mtu hata akiondoka. Akiugua baada ya miaka 20 na kwenda kudai fidia, atapeleka nini kama faili halipo?
6. Fedha ya maziwa nunua seti ya pili ya nyaya za ardhi. Ukitaka kuwapa maziwa kama chakula, wape, ni chakula kizuri. Ila usiyaite kinga.

*Fundi na kibarua:*

1. Uliza kabla ya kupanda: laini ipi imezimwa, ipi ina moto, na ardhi zimefungwa wapi. Usipojibiwa, usipande.
2. Ukimaliza kazi karibu na waya, ondoka pale. Usile chakula wala kupumzika ukiwa umeegemea vifaa vyenye mkondo mkubwa kituoni.
3. Ukiona vimuli-muli au ukishtuka bila sababu, shuka, toa taarifa, iandikwe.
4. Andika kwenye daftari lako mwenyewe: tarehe, mahali, kazi uliyofanya. Daftari la shilingi mia chache linaweza kuwa shahidi wako wa pekee.

*Mwenyekiti wa kijiji:* Mkandarasi anapokuja kuchukua vijana wa kufyeka mkuza, usimuulize malipo tu. Muulize nani atawafundisha, kwa saa ngapi, na nani atawajibika wakiumia. Ombi hilo liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

*Mkulima jirani na laini:*

1. Usihame shamba kwa hofu ya saratani. Kwa namba zilizopo, kupalilia chini ya laini hakufikii mipaka ile. Fuata masharti ya wenye laini kuhusu mazao mafupi, usipande miti wala kujenga.
2. Usisimamishe mabomba ya alumini ya umwagiliaji wala ngazi ya chuma chini ya waya. Bomba libebwe likiwa limelala, watu wawili.
3. Uzio mrefu wa waya unaokwenda sambamba na laini unaamshwa umeme kama nilivyoeleza juu. Mtoto au mbuzi anaweza kupigwa. Waombe wenye laini wakuelekeze namna ya kuukata vipande na kuuunganisha na ardhi.
4. Usichome mabaki ya mazao wala miwa chini ya laini. Moshi mzito na moto vinaweza kuuvuta umeme chini.

Neno la mwisho

Niliondoka pale kwenye mwembe jua likielekea kuzama. Vijana walikuwa wanakusanya mapanga, na yule fundi alikuwa anafunga mkanda wake apande mara moja ya mwisho, upande wa laini iliyozimwa. Upande wa pili laini ilikuwa inanguruma taratibu, mzigo wa jioni umeanza kupanda. Nilimuuliza kama amefunga ardhi pande zote mbili. Akaitazama gari, akanitazama mimi. Kisha akamwita fomani na kumwambia kazi hiyo isubiri kesho, seti ya pili iletwe. Fomani alinuna, lakini hakupinga mbele ya watu.

Inawezekana basi. Ilihitaji swali moja na mtu mmoja wa kukataa. Kesho yake seti ilikuja, kijana mmoja alinipigia kunieleza. Mita ya sumaku bado, na nitaendelea kuuliza kila nikipita.

Maziwa tuwaachie watoto na ndama. Fundi mpeni namba yake.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mahindi: namna ya kujua kama yamekauka vya kutosha kabla ya kuyafunga. Mwenye kijana anayefanya kazi za laini, msomee makala hii.

Wenu katika kilimo,
Bwana shamba